Majina Sita Yaliyokosa Nafasi

Nakumbuka asubuhi moja Homa Bay, mwanangu, ambayo ningeifuta kama kumbukumbu ingefutika. Nilikuwa kijana, fundi wa kurekodi katika kituo kidogo cha redio. Sauti zote zilihifadhiwa kwenye kompyuta moja ya Linux, na mzee Ogola, aliyenifunza kazi, alikuwa na sharti moja: kabla mgeni hajaketi mbele ya maikrofoni, andika df -h, usome diski imebakiwa na nafasi kiasi gani.

Siku hiyo alikuja mama mmoja mkongwe kutoka Sori. Tulimwita Dani, yaani nyanya. Alikuwa akipikia wachimbaji wa dhahabu kule Masara, mpaka shimo lilipoporomoka likamfunika mwanawe Ochieng na wenzake sita. Orodha ya wachimbaji haikuwepo. Wale sita walitoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na mpishi wao peke yake ndiye aliyejua jina la kila mmoja na kwao. Alitaka kuwataja redioni, ili mama zao waache kungoja.

"Umepiga df?" mzee Ogola aliniuliza mlangoni.

"Jana nilifuta matangazo ya zamani, mzee. Nafasi iko."

"Sijakuuliza umefuta nini. Nimekuuliza df inasema nini."

"Iko sawa."

"Haya, bwana Iko Sawa," akasema, akaenda kumletea Dani maji.

Nilikuwa sijaangalia. Nilivyovifuta vilikuwa vimehamia tu kwenye pipa la taka la kompyuta, na humo bado vilijaza diski. Dani alizungumza saa nzima. Alipoanza kulia, kijisanduku cha onyo kilitokea kwenye skrini. Nikakifunga bila kukisoma, nisimkatize. Karatasi ilikuwa mezani, wala sikuandika jina hata moja. Mashine si inarekodi?

Alipokwisha kuondoka nilifungua faili. Tupu. Ndipo nikaandika df -h: diski imejaa asilimia mia. Nikaandika du -sh, amri ya kupima uzito wa folda, kwenye folda ya taka, na mzigo wangu wa jana ukajitokeza mzima.

Mzee Ogola hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda Sori."

Aibu ilinichelewesha wiki mbili. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyaacha yakauke kabisa. Nilipofika, kiharusi kilikuwa kimemshika Dani ulimi. Nilimwekea kinasa sauti mapajani. Alihangaika mpaka jasho likamtoka, na jina moja tu likatoka: Ochieng. Hilo tulikuwa nalo.

Hakuinuka tena kitandani mpaka alipofariki. Mpaka leo, ng'ambo ya mpaka, huenda kuna mama anayemwekea mwanawe chakula.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii: usijiulize wewe kama umefuta, iulize diski. Anza na df -h. Ikikaribia kujaa, pima kila folda kwa du -sh uone ni ipi imekula nafasi. Safisha, mwaga na taka, kisha rudia df -h kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba iko sawa. Na majina ya watu yaandike pia kwa kalamu. Kosa langu halina dawa. Lako bado halijatendeka.

Mungu akujalie subira ya kusoma onyo kabla ya kulifunga, na asikukutanishe kamwe na mtu uliyempotezea maneno yake ya mwisho.