Kidole Changu Mikokoni

Juzi mjukuu wangu Hamisi, anayefunga marobota ya nguo hapa Guangzhou, alinipeleka mdomoni mwa mto, kwenye mikoko inayolindwa kwa ajili ya ndege. Harufu ya tope ilinipiga puani, nikawa mtoto tena.

Alasiri moja ya utoto wangu, kwetu pwani, nilikaa ukingoni nikibanja chaza, nikisikia shoka la baba likigonga ndani ya mikoko. Akaja mtu mwenye kofia ya kaki, akachuchumaa. Nikamwamkia.

"Mwanangu, mbona yangeyange wameruka wote? Nani kawashtua?"

Nilidhani anapenda ndege, na mama alinifundisha kwamba mgeni akiuliza, mtoto hujibu.

"Ni baba. Anakata boriti kule." Nikanyoosha kidole, nikaona fahari.

Mtu yule akaingia mikokoni, shoka likanyamaza. Baba akatoka amefungwa mikono, tope mpaka magotini. Hakunitukana. Alisema tu, "Kamwambie mama yako asinipikie." Nikadhani ameshiba.

Alirudi kutoka jela baada ya masika mawili, akikohoa. Tukamzika kabla sijavunja ungo. Sasa najua yule mwenye kofia alikuwa bwana misitu, akiwasaka wanaokata mikoko bila kibali. Hakuna aliyewahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi juzi mlinzi wa pale, naye ana kofia, alitusogelea akitabasamu.

"Bibi, anauliza umewaona ndege wapi," Hamisi akasema.

Nilikuwa nimewaona vizuri. Nikaificha mikono ndani ya kanga.

"Mwambie macho yangu hayafiki mbali."