Jino Lililonifanya Nipumulie Shingoni

Kama umewahi kupita Runyenjes, huku Embu, siku ya soko, umeshanisikia nikinadi hata kama hukuniona. Mimi ndiye yule wa pikapu mbili za muguka, majani ya kutafuna. Shule niliachia darasa la tano. Nikasukuma mkokoteni, nikabeba magunia ya watu, na leo wenye digrii wananiita bosi. Sikurithi hata jembe. Nasema haya ili ujue ugonjwa ulimkamata mtu wa aina gani.

Kazi ya muguka haina kukaa. Jani likichumwa asubuhi huko upande wa Kiambere, jioni limeshaanza kunyauka, na likinyauka hakuna anayelitaka. Kwa hiyo mimi ni mtu wa mbio. Nakula nimesimama. Nalala kidogo, na muguka yenyewe, ukiitafuna, haikuachi ulale.

Jino lilianza kuuma wakati wa mvua, gego la chini upande wa kushoto. Dawa yangu ilikuwa ya kila mtu wa huku: weka muguka pale panapouma, utafune, patakufa ganzi. Na palikufa ganzi. Jioni maumivu yakirudi, naongeza. Mke wangu, Mama Wanja, akasema twende kwa daktari wa meno. Nikamwambia jani halingoji.

Wewe ambaye si wa huku pengine hujui. Mtu wa muguka huweka donge shavuni, shavu likatokeza kama amebeba yai. Hakuna anayeuliza. Basi, shavu langu lilivimba, likazidi kuvimba, na watu wananisalimia tu. Dereva wangu Ireri alinitazama akacheka.

"Bosi, leo umebeba shamba lote."

Nikacheka na mimi, upande mmoja, maana mdomo ulikuwa haufunguki vizuri.

Aliyeona ni Mama Wanja. Nilikuwa mezani mchana, uji unanitoka kando ya mdomo. Akanisogezea bakuli.

"Baba Wanja, tema."

"Niteme nini?"

"Hiyo muguka. Tema yote."

Nikatema. Hakukuwa na muguka. Yalikuwa mate, mazito, yananuka. Shavu likabaki vilevile. Akanishika chini ya kidevu, palikuwa pagumu kama ubao, tena pa moto. Alitoka nje kumwita Ireri alete gari.

Njiani hali iligeuka. Ulimi uliinuka ukajaa mdomoni kama si wangu. Mate hayamezeki. Nikiegemea kiti, pumzi inakatika. Nikiinama mbele, inapita kidogo, inapiga mluzi. Nilitaka kumwambia Ireri apite njia ya mkato, neno likakataa kutoka. Mimi nimeshawahi kupinduka na gari nikatoka nikitukana. Siku hiyo niliogopa.

Hospitalini daktari, msichana wa umri wa Wanja wangu, alinitazama mara moja tu.

"Mzee, usaha wa jino umeshuka shingoni. Njia ya hewa inafungwa. Tutakutoboa hapa mbele, upumue."

Nikatikisa kichwa. Nitobolewe shingo kama mbuzi wa Krismasi? Mama Wanja akanishika masikio yote mawili, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Umebishana na mimi tangu tuoane. Hii usibishane."

Nikakubali kwa macho.

Walinitoboa nikiwa macho, nimekaa, maana nikilala ningekufa. Walidunga ganzi. Nilihisi kusukumwa na kuvutwa, damu ya moto ikiteremka kifuani. Halafu hewa ikaingia. Baridi, moja kwa moja, bila kupita puani. Nimekula nyama za kila aina katika maisha yangu, sijaonja kitu kitamu kama ile hewa. Ndipo wakanilaza usingizi, wakang'oa jino, wakapasua chini ya taya kutoa usaha.

Nilipoamka nilifungua mdomo kuita. Kimya. Hewa ilitoka shingoni kwenye mrija walioniwekea, fyuu. Sauti iliyojenga nyumba yangu haiko. Sikutulia. Nilitoa miguu kitandani, nikarudishwa, nikaitoa tena. Simu ilikuwa inalia, wateja, na mimi naitazama tu. Kuandika ningeandika, lakini mwandiko wangu hata mimi hunishinda.

Nesi wetu alikuwa Kinoti, Mmeru mnene mwenye utani.

"Nyinyi Waembu mnatafuna majani kama mbuzi," aliniambia akinawa mikono. "Sisi Wameru tunatafuna miraa, vijiti, kama watu. Sasa jione."

Nilitafuta jibu mpaka jasho likanitoka, nikakohoa makohozi yakaruka.

"Vizuri," akasema. "Hasira inasafisha mapafu."

Mrija wenyewe una mwingine mwembamba ndani yake. Huo wa ndani anautoa, anauosha, anaurudisha. Halafu mashine ya kuvuta makohozi: kamrija kanashuka kooni, unahisi unazama mtoni, machozi yanatoka, kisha kifua kinafunguka. Kila kitu alimfundisha Mama Wanja, akamsimamia mpaka akaweza peke yake.

Siku moja wachuuzi wenzangu wakaja kuniona. Nikajiambia hawatanikuta nimelala. Nikajifunga skafu nzito shingoni shimo lisionekane, nikaketi nje kwenye upepo na vumbi. Hawajamaliza salamu, hewa ikakataa kuingia. Makohozi yalikuwa yamekauka ndani ya mrija. Wanaume wazima walisimama wananiangalia ninavyokuwa mweusi. Mama Wanja alifungua skafu, akauchomoa mrija wa ndani. Ulikuwa umezibwa na kitu kigumu kama utomvu. Nikakohoa, nikavuta.

Akaniambia mbele yao, "Ukitaka kujificha, jifiche ukiwa unapumua."

Kuanzia hapo kitambaa changu kilikuwa chepesi, chenye unyevu, kimening'inia bila kubana, kama Kinoti alivyoagiza.

Uvimbe uliposhuka walianza kuuziba mrija kidogo kidogo, nipumue kwa pua na sauti irudi. Neno langu la kwanza nililitunzia Kinoti.

"Mbuzi ni wewe."

Wodi nzima ilicheka. Baadaye mrija ukatolewa, wakafunika bandeji, nikawa nabonyeza hapo kwa mkono nikikohoa. Shimo lilijifunga lenyewe.

Namshukuru Mungu, na yule daktari msichana, na Kinoti ingawa ni Mmeru. Mke wangu nimemshukuru kwa mdomo, jambo ambalo ndugu zangu hawaamini. Wewe unayesoma: jino likiuma, ling'olewe au litibiwe, usilinyamazishe. Shingo ikivimba na mate yakakataa kumezeka, usingoje kesho. Na kama una mgonjwa wa mrija nyumbani, jifunze kuusafisha kabla ya kutoka hospitali, weka maji karibu, mkinge na vumbi na moshi wa jikoni. Mambo yake muulize yeye mwenyewe, usimuulize aliyekaa kando. Yeye amenyang'anywa sauti, masikio anayo.

Siku hizi Kinoti hunipigia simu akipata mtu anayekataa kutobolewa au aliyekata tamaa. Juzi alinipeleka wodini kwa mchuma chai wa Kibugu, mwenye uvimbe kooni, mrija bado mpya. Mlangoni akanishika mkono.

"Huyu si jino. Usimwahidi sauti."

Yule mzee aliandika kwenye karatasi, mwandiko mzuri kuliko wangu: Nitaongea tena kama wewe?

Nikafungua kola, akaliona kovu, akalitazama sana.

"Mzee wangu, sijui," nikamwambia. "Kama mimi, hapana; hakuna anayeongea kama mimi. Lakini kupumua, utapumua."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Niliogopa nikafikiri nimemliza. Halafu nikasikia hewa ikitoka kwenye mrija, fyu, fyu, fyu, na mke wake akaniambia, "Anacheka huyo. Tangu tulazwe hapa hajacheka."