Samaki wamerudi kwenye laptop yangu, jirani hajarudi

Wakuu, salama? Niko Nchelenge, pembeni ya Ziwa Mweru. Hii sikuhadithiwa, ilinipata mwenyewe. Kiswahili changu ni cha Katanga, munivumilie.

Kazi yangu ni simulation. Donc, yaani, natengeneza ziwa ndani ya laptop: samaki, mitumbwi, nyavu. Kisha najaribu sheria mule. Tukikataza nyavu za matundu madogo? Tukirefusha miezi ya kufunga uvuvi? Tukifunga ghuba moja kabisa, samaki wazaliane?

Ukikosea unaanza upya, hakuna mutu analala njaa. Ila ni kazi ya kukaa peke yako mpaka unaanza kuongea na feni.

Mutu mmoja tu alikuwa ananiongelesha Kiswahili cha nyumbani: Mama Chola, jirani yangu. Wengine hapa ni Kibemba, Kiswahili ni cha biashara tu. Bwana yake alikuwa anavua kwenye ghuba, yeye anauza. Kila jioni ananipitishia samaki juu ya uzio: "Inge, kula! Utakufa na ile mashini yako!"

Inge ni engineer. Mimi si engineer, lakini nilizoea.

Basi, majibu yakatoka. Nikarudia na kurudia, jibu ni lilelile: funga ghuba. Ile ya bwana yake.

Nikaenda mwenyewe kumwonyesha Mama Chola, sikutaka asikie kwenye mkutano wa wavuvi. Samaki wakapungua, halafu wakajaa skrini nzima. Akatazama sana.

"Iko muzuri, Inge. Na siye tuko wapi mule?"

Nikamwonyesha kidoa cha mtumbwi wao. Kikatoka ghubani, kikaelekea Puta, mbali kule kaskazini ya ziwa, kutafuta samaki. Kwenye laptop ni kufumba na kufumbua.

Hakunitukana, wakuu. Ingekuwa afadhali.

Ghuba ikafungwa kwa sheria. Wakahamia Puta, na masufuria na kila kitu. Hakuniaga. Niliona tu kufuli mlangoni.

Kidoa kilifanya vilevile nilivyokiandikia. Bureau, wale walionipa kazi, walinipongeza, mimi nikarudi nyumbani nikalia.

Somo? Sheria ilikuwa nzuri, hata leo nitasema vile. Lakini kidoa kikihama kwenye skrini, ujue kuna nyumba imefungwa.

Wenye kujua hizi mambo, mnikosoe, sina hasira.

Na kama humu iko mutu wa Puta, anisalimie Mama Chola. Amwambie samaki wameanza kuonekana kweli. Amwambie Inge anakula peke yake.