Mpaka wa Kinyozi Séverin

Vita vilipowaka tena Kongo mwaka 1998, nchi ile ilipata mkuu wa majeshi isiyemjua: Séverin wa Bukavu, kinyozi wa kando ya barabara ugenini, pale sokoni Warwick Junction, kusini kabisa mwa Afrika. Makao yake makuu yalikuwa mwavuli, kiti kimoja na kioo kilichopasuka.

Kila asubuhi alisikiliza redio kwanza, kisha akawapangia wateja vita.

"Rwanda ni ndogo, lakini imenenepa," alisema, mashine ikinguruma kisogoni mwa mtu. "Jirani akianza kunenepa, unamwonyesha mpaka mapema. Ukichelewa, unamkuta sebuleni."

Nani angembishia, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado?

Jirani yake mwenyewe pale alikuwa Ernestina, Mtanzania muuza vitenge, aliyekuja na beseni moja tu. Na wachuuzi wa pale walikuwa na sheria yao: anayefagia mahali asubuhi, ndiye mwenye mahali. Ernestina alifagia kwake, mkono ukanogewa, akafagia hadi chini ya mwavuli wa Séverin.

"Asante, mama," Séverin alisema, redio sikioni, akifurahi moyoni kupata mtumishi wa bure.

"Usijali, baba. Wewe pigana tu."

Miezi miwili haikupita, beseni likawa meza, na meza ikazaa meza. Kiti cha Séverin kilisukumwa hadi ukingoni mwa barabara. Wateja walinyolewa teksi zikiwapigia honi magotini. Wengine waliamua kufuga nywele.

Mkewe, Odette, alipomletea chakula alisimama akatazama.

"Papa, sogea tena kidogo. Utawanyolea ndani ya teksi. Na watoto watakula nini, habari za redio?"

Hapo ndipo mkuu wa majeshi alipoamka. Si redio ilisema Angola na Zimbabwe zimeingia kuisaidia Kinshasa? Basi naye akaita mshirika: Hardy, Mkongo mwenzake muuza saa, aweke meza yake katikati iwe ngome. Hardy alikuja mbio. Kesho yake alikuja na ufagio.

Kati ya adui na mshirika, Séverin alibaki na nafasi ya kusimama kwa mguu mmoja. Akajikaza, akaenda kwa Ernestina.

"Mama, niazime ufagio. Iko nafasi kidogo pale, nifagie na mimi."

"Eish, baba! Umeona wapi jeshi likiazima silaha kwa adui?"

Hardy ndiye aliyecheka zaidi.

Siku hizi Séverin anazunguka mtaa wa Glenwood, kiti begani, akinyoa wanafunzi kwenye ngazi za nyumba walizopanga. Ukimuuliza habari za Warwick, anasema amerudi nyuma kimkakati. Kuhusu Kongo, anasema bado iko matumaini, mradi wamsikilize yeye.

Odette alimnunulia ufagio. Uko nyuma ya mlango, mpya kabisa.