Kikombe cha Magadi

Rahabu wa kijiji cha Kighare hakuwa mtu wa kuogopa maiti. Majirani wakifiwa walimwita aje aoshe na kuvalisha, naye alikwenda na utani wake mdomoni mpaka wafiwa wakajisahau wakacheka. Mmoja tu ndiye aliyemshinda: mumewe Nicolaus, aliyekufa lakini hakuondoka. Kila jioni Rahabu alipochochea moto, alimsikia nyuma ya jiko akitapika. Aliogopa, tena alimwonea huruma.

Nicolaus alikufa miaka ile ya taabu, chumvi ilipoadimika na sabuni ikawa hadithi. Magadi hayakukosekana. Yalipanda mlimani kutoka nyikani kwenye vikapu, na mwanamke anayeijua kazi yake aliyatia kwenye makande na kwenye mboga, akayachuja yakawa dawa ya kiungulia. Nicolaus alikuwa na vidonda vya tumbo. Alipoanza kutapika kila alichokula, Rahabu alimnywesha maji ya magadi, na kadiri alivyozidi kutapika ndivyo alivyozidi kumpa. Mgonjwa haulizwi uji. Mwishowe vidole vya Nicolaus vikajikunja vikakakamaa, pumzi ikawa haba, akazimika. Ukoo ukasema kuna mkono wa mtu, na Rahabu hakubisha.

Biashara ilipofunguliwa, chumvi ikajaa madukani kwa pakiti. Lakini mwanawe Reginald alikuwa amerithi shamba la kahawa pamoja na tumbo la baba yake, na magadi alikwisha kuyazoea. Alipoanza kutapika, mama yake akamnywesha kama alivyojua. Asubuhi moja Rahabu akaviona vidole vya mwanawe vikijikunja kama vya Nicolaus.

"Huyu simwachii baba yake!" alisema kwa sauti, nyumba nzima ikasikia.

Akamteremsha hadi Mwanga, wakapata gari la kwenda hospitali Same. Chupa ya maji ya magadi aliibana kwapani njia nzima.

Daktari wa zamu, binti aitwaye Hellen, alimtundikia Reginald dripu, akamtoa damu na kuituma Moshi ikapimwe. Majibu yaliporudi alimwita Rahabu kando.

"Mama, damu ya Reginald imepungukiwa kloridi. Inatakiwa iwe karibu na mia moja. Yake ni sabini na mbili."

"Nisemeshe Kiswahili cha jikoni, mwanangu. Anakufa?"

"Sikiliza, mama. Chumvi ya mezani imeungwa kwa vitu viwili, na kloridi ni kimojawapo. Iko pia kwenye ile asidi ya tumboni. Mtu akitapika siku nyingi, anaimwaga yote. Damu inageuka, inakuwa na ukali wa magadi, vidole vinakaza na pumzi inapungua. Amekuwa akinywa nini?"

Rahabu akainua chupa yake, tena kwa kujivuna kidogo. "Magadi. Ndiyo chumvi yetu."

Hellen aliifungua, akainusa, akaifunga polepole.

"Magadi si chumvi, mama. Kloridi hayana. Damu imekwisha kuwa magadi, nasi tunaiongezea magadi..." Akajikatiza. "Lakini umemwahisha. Dripu hii ni maji ya chumvi. Akipata nguvu atapasuliwa, maana vidonda vimeacha kovu na njia ya chakula imeziba."

Rahabu alimshukuru Mungu, na alishukuru kweli. Kisha akauliza, macho yakiwa sakafuni, "Na mtu mwingine, zamani, aliyetapika hivi hivi na kupewa magadi hivi hivi?"

Daktari aliiweka chupa chini.

"Sikumwona, mama. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mzito, siwezi kusema angepona. Ila magadi hayakumsaidia."

Rahabu aliisikia ile sentensi ya mwisho tu.

Kesho yake vidole vya Reginald vilikuwa vimelegea. Akafumbua macho, akamtafuta mama yake kwa macho.

"Mama, maji."

"Mloweshe midomo tu," Hellen alisema, akampa Rahabu kikombe cha maji safi na kipande cha pamba.

Rahabu akakipokea. Akaichovya pamba, kisha akaiacha humo humo. Akamrudishia daktari kikombe chake.

"Mpe wewe, mwanangu," alisema. "Huyu nataka aishi."