Ufagio na Ndege ya Dada Sifa

Enzi zetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, urefu wa safari tuliupima kwa uchafu wa nyumba. Mama alikuja na sheria yake kutoka kwetu Uvira, Kongo: mtu akishaondoka, hakuna kufagia mpaka afike, usije ukamfagia njiani.

Papa, baba yetu, akienda Lumbadzi hapo karibu, maharage yalikuwa hayajaiva nami nimeshashika ufagio. Akienda kuuza nguo Chinsapo, kule Lilongwe, nilifagia mchana. Kufagia ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo nilizipenda safari za mbali kuliko wasafiri wenyewe.

Basi dada yangu Sifa akaolewa, na yeye na mume wake wakapata nafasi ya kuhamia Adelaide, Australia. Siku ya kuondoka, sisi watoto tulisimama nje tukapungia mkono kila ndege, hata moja iliyokuwa inatua.

Ndani, maganda ya karanga za kuagana yalifika mpaka chini ya kitanda. Mama akamuuliza jirani yetu, Papa Olivier, aliyekuwa mwalimu Bukavu:

“Kutoka Lilongwe mpaka kule, ndege inakamata wakati gani?”

“Ndege iko mbio, Mama Sifa. Na kubadilisha njiani, siku mbili itaisha.”

Zikaisha. Simu kimya. Ikapita nyingine, kimya. Kuku wa jirani wakahamia kwetu. Mimi nilicheza mpira wa makaratasi kutwa nzima kama mtoto wa chifu.

Kisha ikafika zamu yetu ya kupokea kina mama wa kwaya ya kanisa.

“Tutapokea bantu mu hii nyumba ya kuku?” Papa akauliza.

“Bakuje na viatu. Mutoto yangu iko bado mu njia.”

Mama alikuwa haimbi tena akipika, yeye ambaye hata akimenya vitunguu huimba. Hapo mpira ukanishinda. Nikaenda nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwomba Mungu anipe ufagio.

Kina mama wa kwaya wakaja, wakaketi, maganda yakilia chini ya viatu vyao. Katikati ya wimbo simu ikalia. Ni Sifa! Walikuwa wamefika tangu juzi, ila walikosa laini ya simu.

“We mutoto!” Mama alipiga kelele, akicheka na kulia. “Unajua nimelala na kuku sababu yako?” Kisha akanigeukia. “Leta fagio!”

Nilifagia mpaka kwaya nzima ikainua miguu.

Vijana wa leo wanaitazama ndege kwenye simu ikitambaa juu ya bahari kama sisimizi. “Nimefika” inaingia kabla msafiri hajafungua mkanda. Nyumba zao ni safi, na hakuna anayekosa usingizi.

Juzi mdogo wangu alikwenda Lilongwe tu, kutafuta kazi. Simu yake ilizimika, nami nikajikuta nimeuficha ufagio nyuma ya mlango. Mama aliuona. Aliyaruka maganda ya karanga sakafuni, akaketi karibu nami, tukasubiri.