Kisogo cha Mama

Harufu ya rangi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ikinipitia, hata leo, narudi Chole, Kisarawe, mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na miaka minane, au tisa. Bibi aliyenilea hakuwa mtu wa tarehe. Mama alifariki ningali nabebwa mgongoni, hakuacha picha hata moja, na kaburi lake tuliliacha kwenye mahame yetu. Wenzangu walipata marafiki upesi. Mimi nilishinda kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, nikimtazama Fundi Gaspari, mtu wa bara, akichora mkulima na mkewe wameshika majembe. Siku moja nikajikaza.

“Shikamoo, fundi. Unaweza kumchora mama yangu?”

“Marahaba. Mwite aje.”

“Alishakufa.”

Akashusha brashi. “Haya, nieleze. Macho yake makubwa au madogo?”

Sikujua. Nilichokijua ni kisogo: mistari ya nywele zilizosukwa, kovu dogo nyuma ya sikio, jasho lililonukia moshi na nazi alipopalilia mihogo nami nikiwa mgongoni. Hayo niliyaeleza bila kukwama.

“We mtoto, mbona kisogo tu! Basi nikuchoree kisogo?”

Nilidhani ananitania. Wamesema wahenga, uso umeumbwa na haya, wangu uliwaka. “Chora uso,” nikamwambia, “kama wa watu wengine.”

Hakukataa. Alinikalisha juu ya debe siku mbili, akinitazama, akachora kwenye kipande cha ubao mwanamke mwenye paji langu na pua yangu. Nikampelekea bibi mbio.

“Mzuri,” alisema bibi. “Ila huyu ni wewe, mjukuu wangu, umevikwa utu uzima. Mwanangu hakuwa hivi.”

“Alikuwaje, bibi?”

Alinirudishia ubao. “Alikuwa… alikuwa mwanangu.”

Leo naishi Kibaha, karibu na kituo cha Kwa Mathias. Wajukuu zangu hupigwa picha za simu kabla hawajapewa majina, na mimi nimeshamzidi mama umri. Nikijaribu kumkumbuka, huja yule mwanamke wa ubaoni. Simlaumu fundi, alinipa nilichoomba, na kisogo alikuwa tayari kunichorea, mimi ndiye niliyekataa. Ila lile kovu, kama lilikuwa nyuma ya sikio la kulia au la kushoto, sasa nabahatisha.